Koti Lililofunika Matofali

Nakumbuka siku moja niliporudi kwenye shule ambayo wiki mbili kabla ilikuwa imeniimbia wimbo wa kuagana. Mwanangu, aibu ile usiiombe. Mtu ameombewa, amelia, amekumbatiwa na mchungaji mbele ya kanisa zima, halafu Jumatatu huyo hapo mlangoni, hana daftari wala kigoda cha kukalia.

Nikueleze kwanza shule yenyewe, maana ninyi mnaoikuta na mabati mnadhani ilishuka hivyo kutoka mbinguni. Tulifika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, tukitokea Kivu ya Kusini kule Kongo, tukikimbia vita vya mwaka tisini na sita, na Walutheri wenzetu walisimamisha turubai moja tu. Jumapili lilikuwa kanisa, Jumatatu shule. Kila mwanafunzi alibeba kigoda chake kutoka nyumbani. Mvua ikinyesha, somo la hesabu liligeuka nyimbo, kwa sababu mwalimu hakusikika.

Kutoka hapo tulijenga wenyewe, kwa desturi ambayo sijaiona penginepo: kila darasa la mtihani lilifyatua matofali ya chumba ambacho lenyewe halitakikalia. Matofali mia kwa kila mwanafunzi, na kabla hayajakauka unachora jina lako kwa msumari. Sisi tulisomea chumba cha waliotutangulia, na wa nyuma yetu wangesomea chetu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka wangu wa mtihani, faili la familia yetu, lile la kuombea makazi ng'ambo, likaitwa. Amerika! Tukapimwa afya, tukaambiwa tujiandae. Kichwa kikanivimba. Nikanunua koti zito la mtumba, nikalivaa kwenye jua la wilaya yetu ya Isingiro, jasho likinitiririka, nikisema najizoeza. Wenzangu walipoitana kwenda kukanyaga udongo, niliwacheka, nikawaambia mikono hii ni ya Amerika, haichafuki. Daftari zangu nikampa Furaha, msichana niliyekaa naye jirani darasani, na kigoda nikakigawa. Kisha nikaenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Nabintu, kumwomba afute jina langu kwenye orodha ya mtihani.

Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya pole. Alinitazama, akalitazama na koti.

"Bahati, leo utalala wapi?"

"Hapa, Mwalimu. Lakini niko safarini."

"Kama unalala hapa, tumika kazi ya hapa. Siku basi itakuya, utanawa mikono, utapanda."

Nilicheka moyoni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi lilikuja kweli. Mtu wa ofisi akasoma majina kutoka juu hadi chini, na yetu hayakuwemo. "Mungoje," akasema, akakunja karatasi. Mama aliketi juu ya mzigo wetu hadi basi likatoweka. Mimi nikajifungia ndani zaidi ya wiki, naogopa hata kwenda kuchota maji. Ndipo Mama akasikia kanisani kwamba orodha ya mtihani inapelekwa mjini Mbarara Ijumaa, na asiyekuwamo amepoteza mwaka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanangu, na vita vilikwisha kula mingine ya kutosha. Nikaenda.

"Kumbe Amerika iko karibu!" mmoja akapaza sauti nilipotokea na koti langu, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Nabintu akanitoa nje, akanipeleka hadi kwenye shimo la udongo.

"Jina yako sikufuta," akasema. "Lakini benzako balipiga matofali ya bale batakuya nyuma, na weye ulibacheka. Ile ndiyo inaniuma. Matofali mia moja mbele ya Ijumaa, ao nitaifuta na mukono yangu."

Nikaanza kukanyaga udongo saa ileile. Jumatano Furaha alikuja na dumu la maji, na daftari zangu juu yake. "Kamata mambo yako," akasema. "Nimeshindwa kusoma. Unaandika mubaya sana."

Alhamisi alasiri wingu zito likafunga upande wa Endiinzi. Matofali yangu yote yalikuwa chini, mabichi, na mvua ile ingeyarudisha kuwa tope. Nikalivua koti, nikalitandaza. Lilifunika kama ishirini tu. Nilisimama pale nikiona mwaka wangu unakwenda na maji, mara nikasikia miguu inakimbia. Wenzangu walikuwa wamelitoa turubai lile la kwanza kabisa, lenye viraka, wakalivuta juu ya matofali yaliyobaki na kulishikilia pembe zote hadi mvua ikapita. Hao hao niliowacheka. Nililia, sifichi.

Furaha akasema, "Muone! Amerika inafunika udongo ya Nakivale," na safari hiyo nilicheka pamoja nao.

Ijumaa Mwalimu akahesabu mia, na jina langu likaenda Mbarara. Lakini tanuru lilikuwa limekwisha chomwa. Fundi akakataa kuweka matofali yasiyochomwa ukutani, akayatumia kujenga benchi refu ndani ya chumba chetu kipya, mwisho wa darasa, akalisiliba kwa udongo.

Nilifaulu. Chuo cha ualimu cha kanisa letu mjini Mbarara kikatupokea wanne, Furaha akiwemo. Wanafunzi wa kule waliposikia Kiswahili chetu walidhani sisi ni watoto wa wanajeshi wa kambi ya Makenke, maana kule Kiswahili ni lugha ya jeshi. "Hapana," tulijibu vifua mbele, "sisi ni wa Nakivale, na shule yetu tuliijenga wenyewe." Hata leo nikilisema hilo, mgongo wangu unanyooka.

Nilirudi kufundisha katika chumba kile kile. Katikati ya muhula huja watoto waliofika jana kutoka Kongo, vumbi la njia bado liko miguuni, hawana kigoda wala daftari. Siwaulizi wamechelewa wapi. Nawaonyesha benchi la nyuma. Chini ya udongo ule jina langu limo mara mia, nao hawajui.

Na faili letu? Mpaka leo linangoja mahali fulani. Ningelingoja, ningekuwa bado nimevaa koti.

Mwanangu, safari si dhambi, na nawe ukiitwa, nenda. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi siku ya tatu yetu ilipita zamani. Soma hapa unapolala. Jenga hata chumba usichokikalia, na usimcheke anayekijenga, maana siku ya mvua ndiye atakayekuja mbio. Mungu akufungulie njia siku yake ikifika, na kabla haijafika asikunyime udongo mikononi. Amina.