Chatu Aliyekataa Kula

Wenzangu huachiwa wajukuu. Mimi mwanangu aliniachia chatu kwenye sanduku la kioo, pamoja na karatasi mbili za maelekezo alizoziandika kwa mkono, mistari imenyooka, kama muuguzi anayemkabidhi mgonjwa kwa mwenzake wa zamu. Alikuwa amemnunua mwezi uleule kwa mfugaji mmoja wa nyoka, mtaa wa Karen, na kibali akakitafuta mpaka akakipata, maana mwanangu ni mtu wa taratibu. Kisha, kabla nyoka hajaizoea hata nyumba, ikaja kazi ya nchi za Ghuba. Mkataba wa mwaka mmoja.

"Disemba nimerudi, Mama," aliniambia. "Wewe mtazame tu."

Nilimwambia simtaki. Nilimwambia mimi mtu wa Mombasa, kwetu nyoka akionekana uani huitwa mwenye rungu, hapewi chumba. Akacheka. Ana kicheko cha marehemu baba yake, na mbele ya kicheko hicho sijawahi kushinda neno hata siku moja. Nikajikuta nimeshika zile karatasi.

Tunakaa Muthangari, vyumba viwili vya chini nyuma ya ukuta mrefu. Nasema tunakaa, mazoea, nakaa. Ni mahali pazuri, pana miti, na miaka minne jirani wa mlango wa pili namjua kwa gari lake tu, jeupe. Kazi yangu iko River Road, kwenye duka la uchapaji, nakunja kadi za harusi na kushona vitabu vya risiti. Kule watu wanasema mpaka kichwa kinauma. Lakini Jumamosi saa nane tukifunga, mpaka Jumatatu asubuhi, hakuna mtu anayeniambia neno isipokuwa bawabu, naye huniambia geti limefungwa vibaya.

Wiki mbili za kwanza mwanangu alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anatembea, nasikia pumzi, akasema, "Nitakupigia baadaye, Mama." Zikapita siku kumi na moja. Mimi si mtu wa kumkimbilia mtoto kwenye simu, nina kichwa kigumu na nakijua. Nikakaa na simu yangu. Siku ya kumi na mbili nikamwandikia ujumbe mfupi, kwa hasira zaidi kuliko kwa jambo lenyewe: "Nyoka wako hajala tangu uondoke."

Simu ililia kabla sijaiweka mezani.

Ilikuwa kweli, hajala. Panya wake walikuja wamegandishwa, weupe, kila mmoja kwenye kijifuko chake, na niliwatia kwenye mkebe wa aiskrimu ndani ya friji yangu, friji ninayotia samaki na maandazi ya Ramadhani. Mungu anisamehe. Unamtoa mmoja, unamlaza kwenye maji ya moto mpaka apate joto, unamshika mkia kwa koleo, unamning'iniza. Chatu akaniangalia. Hakumwangalia panya, aliniangalia mimi. Halafu akajikunja akawa mpira, kichwa ndani, na hivyo ndivyo alivyokaa.

Nikamwonea huruma, ndiyo kosa langu. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni hali peke yake. Ukimwekea mtu sahani ukaondoka, umemwambia huna haja naye. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akishiba anakula tena kwa ajili ya wageni. Basi nikawa nafanya vivyo hivyo. Natoka kazini, napasha wali wangu, navuta kiti mpaka mbele ya kioo, nasema bismillahi kwa sauti, nakula, na panya wake yuko pale mbele yake. "Haya, kula," namwambia. "Mbona unaona haya? Humu hamna mtu ila mimi na wewe." Nilimsimulia mambo ya dukani. Nilimtoa nikamweka mapajani ili anizoee, mzito kuliko anavyoonekana, baridi tumboni, na kusema kweli sikuogopa baada ya siku ya tatu. Ilikuwa miezi mingi sijashika kitu kinachopumua.

Kwenye karatasi ya pili mwanangu alikuwa ameandika, na kupigia mstari: asishikwe mwezi wa kwanza, asitazamwe akipewa chakula. Nilisoma. Nikaona ni ukali wa vitabu. Nani anashindwa kula kwa sababu anapendwa?

Na mwanangu sasa akawa anapiga kila siku. Saa kumi na moja jioni, akitoka zamu, mimi nikiwa nakusanya mabaki ya karatasi chini ya meza. "Shikamoo Mama. Amekula?" Bado. Basi nitamweleza ngozi ikoje, macho yakoje, taa ya joto iko wapi, maji amekunywa. Hayo ni dakika tatu. Lakini mtu akishapiga simu hakati hapohapo. Akimaliza ya nyoka, anabaki. Akaniambia wanalala sita chumba kimoja na mmoja wao hulia usingizini. Akaniambia joto la kule linakupiga usoni ukifungua mlango. Siku moja akaniuliza maharagwe ya nazi yanaanzwa vipi, nikamsomesha hatua kwa hatua, yeye na sufuria yake huko, mimi nimesimama River Road katikati ya watu wanaonisukuma, nimeziba sikio moja kwa kidole. Mtoto huyu alikaa nyumbani kwangu miaka ishirini na sita hakuniuliza hata chumvi inakaa wapi.

Mwenzangu pale dukani, mama mmoja wa Kakamega anayeshika mashine ya kukata, alikuwa akiniona na simu anatikisa kichwa. "Hiyo nyoka imekuletea kijana nyumbani," alisema. "Ombea isile."

Alikuwa anatania. Nikacheka naye.

Jumapili moja, wiki ya sita, nilikasirika. Nilikuwa nimempasha panya mara mbili, nimekaa mbele yake saa nzima, na yeye amejikunja vilevile. Nikamwambia, "Basi kufa, mimi nimechoka kubembeleza." Nikaibwaga leso yangu ya zamani ya kujifunga juu ya sanduku, ikafunika kioo chote, nikafunga mlango wa chumba, nikatoka. Nilitembea mpaka Lavington, nikapita kuta na mageti, wafanyakazi wa nyumbani wamekaa nje kwenye nyasi na nguo zao za Jumapili wanacheka, nikarudi. Miguu inaniuma. Nikafunua leso. Panya hakuwapo, na chatu alikuwa na kivimbe katikati ya mwili, ametulia zake, ulimi unatoka na kurudi.

Nilifurahi jamani. Nilifurahi peke yangu mle chumbani nikapiga makofi. Alikuwa anataka giza na kuachwa, basi, na mimi wiki sita namkodolea macho. Nikaiweka simu mkononi kabisa, nikaona bado dakika ishirini kufika saa kumi na moja, nikasema nitangoja mwenyewe apige, niisikie sauti yake akiambiwa.

Dakika ishirini ni nyingi. Nilikaa nikafikiri. Nikahesabu siku kumi na moja zile.

"Shikamoo Mama. Amekula?"

"Marahaba. Bado," nikasema.

Halikunitoka kwa bahati mbaya. Nalisema wazi ili mtu akisoma asije akadhani niliteleza ulimi. Nilisema bado, nikasikia anavyoshusha pumzi, na nikajua amevuta kiti, anakaa.

Tangu hapo chatu alikula kila siku ya kumi, chini ya leso, na mimi niko chumba cha pili napiga pasi. Nami kila siku kumi nilimwua kwa njaa kwenye simu. Nilikuwa hodari. Nikasema macho yamefifia. Nikasema amemgusa panya kwa pua akamwacha. Mwanangu alisoma, aliuliza watu, alinitumia picha za masanduku na jinsi ya kupanga magome ya miti ya kujifichia, nikapanga magome. Mwisho wa kila simu najilaumu, na kesho yake saa kumi na nusu nishanawa uso nangoja. Yule mwenzangu nilimwambia ukweli siku moja, tukiwa tunakula. Akaweka kijiko chini. "Mama, huyo mtoto ako mbali," akasema. "Usimwekee mzigo ya uongo." Nilimwambia angoje wake wakue. Halikuwa jibu zuri, na hakusema nami mchana kutwa.

Wiki ya kumi na mbili mwanangu akapiga mapema, saa nne asubuhi. Sauti ilikuwa ya ofisini.

"Mama, haiwezekani tena. Nimeongea na yule mfugaji wa Karen. Atakuja Jumapili amchukue."

"Amchukue ampeleke wapi?"

"Akae naye. Anajua kumlisha kwa mpira unaotiwa kooni. Mama, atakufia mikononi, nami sitaki ubaki na hilo."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua. Nikamwambia sawa.

Na Jumamosi jioni, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kumi, nikampa panya. Sikuweza kumwacha aende na njaa. Nilijua maana yake, sikuwa mjinga. Labda mtu huchoka na uongo wake akataka kushikwa.

Mfugaji alikuja adhuhuri, mwanamume wa makamo, mpole, na mfuko wa kitambaa wenye kamba. Akafungua sanduku, akamwinua chatu kidogo kwa mikono miwili, akamrudisha taratibu. Akachuchumaa pale akimwangalia.

"Mama, huyu amekula jana," akasema.

Nikaanza kuikunja leso.

"Siwezi mbeba na tumbo hivi. Nikimtingisha kwa gari atatapika, na ni hatari kwake. Lakini huyu hana shida. Huyu ni mnono." Akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya. "Nimwambie nini mwenyewe?"

"Mpigie," nikamwambia. "Kisha unipe mimi."

Akampigia, akamweleza palepale mbele yangu, neno kwa neno, mnono, mzima, ngozi safi. Nikapokea simu yake. 

"Alianza kula wiki ya sita," nikasema. "Nimekudanganya wiki sita. Akila, hupigi."

Nikasikia mlango unafungwa kule.

"Ningepiga, Mama."

"Ungepiga Idi kwa Idi."

Hakubisha. Ningependa angebisha. Nikasikia anavuta pua, mwanaume mzima, na nikaona aibu mbele ya yule mgeni aliyekuwa anajifanya anatazama magome.

"Mama," akasema. "Disemba sirudi. Nimetia sahihi miaka miwili. Mwezi uliopita. Nilikuwa sijui nikwambieje, nikaona kwanza nimtafutie nyoka mahali. Nikaona ukishatuliwa mzigo wa huyo nitakwambia na hilo lingine."

Nilitafuta kiti, nikakaa. Kumbe kila jioni tulikuwa tunaongea, kila mtu kaficha lake nyuma ya nyoka yuleyule. Sikuwa na haki ya kukasirika, na nilikasirika, na nililia pia, yote kwa pamoja, simu ya watu imelowa.

"Kazi ni kazi," nikamwambia.

"Nimwambie arudi Jumatano amchukue?"

"Asirudi. Mwache hapa."

"Mama."

"Nimesema mwache. Na kesho utapiga?"

"Nitapiga."

"Hata akiwa mzima?"

"Hata akiwa mzima, Mama."

Mfugaji alikunja mfuko wake akautia kwapani. Nikampa chai, maana hajatoka mtu nyumbani kwangu bila chai. Akanisifu kwa jinsi nilivyomtunza yule nyoka, akasema wengi huwaua mwezi wa kwanza.

Kesho yake mwanangu alipiga kweli. Alipiga wiki ile nzima. Tulikuwa na adabu sana, kama watu waliosuluhishwa juzi. Hakuna la taa, hakuna la ngozi; anauliza kazi, najibu kazi njema, nauliza joto, anajibu lipo, na baada ya hapo tunasikilizana tunavyopumua. Kisha ikawa Ijumaa kwa Ijumaa, baada ya sala. Kisha Ijumaa moja ikaruka, akaomba radhi, nikamwambia haidhuru. Simlaumu. Hapana, namlaumu kidogo, lakini nampenda zaidi ya ninavyomlaumu, na miaka miwili si mingi.

Chatu ameongezeka urefu. Kila siku ya kumi namfunika leso naenda chumba cha pili, na nikirudi amemaliza. Anakula vizuri sana siku hizi, na hakuna anayeniuliza.