Mtu Aliyekataa Kufungua Siku

"Wakanada wote wa Kambi ya Cactus Wren, hapa Yuma, Arizona, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba mwenzetu Orest Panchuk, mwenyeji wa Yorkton, Saskatchewan, ametimiza majira kumi na moja ya baridi katika nchi ya Marekani bila kampuni yake ya simu kumkata ada ya hata siku moja ya matumizi ya ng'ambo. Mwenye kofia na aivue. Imetolewa na Réjean Thibodeau, mwenyekiti."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, katikati ya ratiba ya bingo na karatasi ya mtu aliyepoteza meno yake ya bandia ya juu. Wazee wa Kanada, waliokuja na trela zao kukimbia baridi ya kwao, walisimama mbele yake na vikapu vyao vya nguo, wakalisoma, wakatikisa vichwa. Mmoja alivua kofia kweli.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ukubwa wa jambo hilo. Laini ya Kanada ukiwa nayo nje ya Kanada ni kama mtoto mchanga aliyelala: usiiguse. Ukipokea simu ukasema "haloo", ukituma neno moja tu, au ukisahau ikachungulia mtandao yenyewe, basi siku imefunguka. Na siku ikishafunguka haifungiki. Unakatwa ada ya siku nzima mpaka saa sita usiku, uongee mpaka ukauke koo au ulale usingizi wa pono. Pale kambini kulikuwa na waliofungua siku Jumapili tu, baada ya ibada. Kulikuwa na Bi Glenda Friesen wa Manitoba, aliyefungua siku moja kwa mwezi na kuwapigia watu wote waliohudhuria harusi yake mwaka sabini na nne, waliobaki hai, kwa mpangilio wa viti walivyokalia.

Orest hakufungua kabisa.

Msimwite bahili, maana hakuwa. Alikuwa mtu wa miaka sabini na moja, aliyefanya kazi miaka thelathini na minne kwenye ghala la nafaka, na aliyegawa kambi nzima maandazi yake ya viazi ya Kiukraini bila kuombwa. Kwake hili lilikuwa suala la imani. Simu ameilipia nyumbani. Maneno yatakuwa yale yale. Kwa nini alipe mara ya pili kuambiwa yale yale kwenye jua? Kila Novemba, wakielekea kusini, alimwamuru mkewe Lavonne asimamishe gari hatua hamsini kabla ya mpaka wa North Dakota. Hapo alichomoa laini kwa pini, akaifunga kwenye karatasi ya foili, akaitia kwenye kiboksi chake cha vidonge, chumba cha Jumatano, kwa kuwa Jumatano hamezi kitu. Maafisa wa mpakani walikuwa wameshazoea kumwona akiinama juu ya kiboksi chake kando ya mkewe kama mganga. Miezi mitano iliyofuata dunia ilimpata kwa waifai ya chumba cha kufulia, mashine za kukaushia zikikubali.

Basi mwaka huu ikaingia nyonga.

Nyonga ya kushoto ya Orest ilikuwa kwenye foleni ya upasuaji kwa miezi ishirini na miwili. Alitembea kama meza yenye mguu mfupi. Mwanzoni mwa Januari, jirani yao wa Yorkton, aliyekuwa akiingia nyumbani kwao kila baada ya siku tatu kuangalia kama mabomba hayajaganda, maana bila hivyo bima haitambui nyumba, alikuta barua ya hospitali. Akamsomea Lavonne kupitia waifai, pole pole, huku mashine mbili zikinguruma: Bwana Panchuk atapigiwa simu wiki ijayo, siku yoyote kati ya Jumatatu na Ijumaa, apewe tarehe. Atapigiwa mara mbili. Asipopatikana, jina lake linarudi mwisho wa foleni. Tafadhali asipige yeye.

Lavonne alirudi kwenye trela na kikapu cha taulo mbichi.

"Toa laini kwenye kiboksi," alisema.

"Nitatoa."

"Sasa hivi."

"Jumatatu ni keshokutwa, mama. Tunakimbizwa na nani?"

"Miezi ishirini na miwili nakuvalisha soksi, Orest. Niliolewa na mwanamume, sikuolewa na miguu yake."

Orest aliona hoja ina uzito. Akaichomeka laini, lakini kwa masharti. Alikuwa ameshatafakari. Mlio haufungui siku; kinachofungua siku ni kupokea. Kwa hiyo simu italia, yeye ataitazama tu, kisha atakwenda mbio chumba cha kufulia kuwapigia kwa waifai.

"Mbio?" Lavonne aliuliza. "Wewe?"

"Nitatangulia kuondoka."

"Na utampigia nani? Hospitali wanaficha namba."

"Nitajua ni wao."

"Utajuaje, kwa harufu?"

Habari ilizunguka kambi kabla taulo hazijakauka. Réjean, mstaafu wa kiwanda cha karatasi kule Trois-Rivières na mwenyekiti wa Wakanada kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka, alifika jioni ile ile akiwa amefadhaika.

"Ndugu yangu, tangazo nimeshabandika. Wino haujakauka! Ukipokea, mimi nitauweka wapi uso wangu? Wamarekani wa safu ya tatu ya trela wameanza kuniheshimu."

"Sipokei," Orest alisema.

"Anapokea," Lavonne alisema kutoka ndani.

"Nimeandika 'mwenye kofia na aivue'," Réjean alisema kwa huzuni.

Kuanzia Jumatatu Orest alikaa chini ya turubai la trela kwenye kiti cha kukunja, simu juu ya kigoda mbele yake, akiilinda kama maziwa jikoni. Watu walipita kwa kunyata. Jumanne haikulia. Jumatano haikulia, ila kunguru alitua kwenye kigoda na Bi Glenda akapiga ukemi. Kufikia Alhamisi kambi ilikuwa imegawanyika: nusu walikuwa upande wa rekodi, nusu upande wa nyonga, na wote walimletea mzee supu. Usiku nyonga ilimkata, akawa anahesabu mbao za dari. Alijua, kama anavyojua uzito wa gunia kwa kulitazama, kwamba miezi mingine ishirini na miwili hataimaliza akiwa wima. Hakumwambia mtu. Lavonne alikuwa macho pembeni yake, naye akijua vile vile.

Ijumaa, saa nne asubuhi, simu ililia.

Namba haikuwa na jina. Watu walitokea nyuma ya magari na vichaka kama walikuwa wamezikwa hapo. Orest akaitazama simu. Ikalia mara ya pili. Réjean alifumba macho. Ikalia mara ya tatu.

"Orest Panchuk," Lavonne alisema, bila kupandisha sauti, "usipopokea hiyo, kuanzia kesho soksi utavalishwa na Réjean."

Wanaume wawili walitazamana.

Orest akapokea. "Haloo."

"Habari za asubuhi, Bwana Panchuk!" Ilikuwa sauti ya binti mchangamfu. "Napiga kutoka kampuni yako ya simu kukushukuru kwa uaminifu wako! Tumeona katika miaka kumi na moja hujawahi kutumia huduma yetu ya ng'ambo hata mara moja. Tungependa kujua, ni kwa nini?"

Simu ikatoa kamlio kembamba. Ujumbe ukajitokeza juu ya kioo: karibu Marekani, siku yako imefunguliwa.

Kabla Orest hajapata jibu linalofaa masikio ya binti wa watu, akasikia mlio mwingine sikioni, tii, tii, mtu wa pili anaingia. Namba imefichwa.

Hapa ndipo mtu wa kawaida angekata simu. Lakini Orest ni mtu wa Saskatchewan, na tangu simu zifike Saskatchewan hakuna aliyewahi kumkatia mwenzake. Kuagana kule kuna hatua zake na hairukwi hata moja.

"Haya basi," Orest alisema, akijipiga paja la upande usiouma, "nisikucheleweshe."

"Hapana, mimi ndiye ninayekuchelewesha, baba."

Orest akapauka. "Wewe ni wa wapi, binti?"

"Moose Jaw."

Wakawa watu wa Saskatchewan wawili sasa. Tii, tii.

"Theluji ipo huko?"

"Kidogo tu. Mpaka magotini."

"Pole."

"Asante. Samahani kwa usumbufu."

"Hapana, samahani mimi, nimepokea vibaya."

"Umepokea vizuri kabisa! Haya basi."

"Haya basi. Wasalimie."

"Asante, na wewe wasalimie. Uendeshe pole pole."

"Nimekaa kwenye kiti."

"Hata hivyo."

Mlio wa pili ulikuwa umekoma zamani. Lavonne alijifunika uso kwa aproni. Réjean alikwenda chumba cha kufulia kwa hatua za msibani, akalibandua tangazo lake, akarudi nalo amelikunja mara nne. Hospitali walikuwa wamepiga mara moja, imebaki moja.

Ndipo Bi Glenda aliposema, kwa sauti ndogo, kama anayejisemea: "Lakini siku si imeshafunguka?"

Upepo ulibadilika. Mkanada anaweza kuvumilia msiba, lakini kitu kilicholipiwa kikae bure, hapana. Ndani ya dakika mbili foleni ya watu kumi na tisa ilikuwa imejipanga mbele ya trela, wakiwa na namba zao kwenye vikaratasi. Foleni yenyewe haikusogea. "Tangulia wewe." "Hapana, wewe umefika kwanza." "Nimefika kwanza lakini sina haraka."

"Mna wazimu?" Lavonne alifoka. "Hiyo simu inasubiri hospitali!"

"Dakika mbili tu, Lavonne," Orest alisema, na macho yake yalikuwa yameingia mwanga wa ajabu. "Siku imelipiwa. Itaoza."

"Itaoza nyonga!"

"Anza wewe, Réjean," Orest alisema, na kumnyooshea simu mtu pekee pale asiyejua kupisha.

Réjean akampigia dada yake. Dada yake alikuwa na mengi, na yote yalihusu uzio ambao kaka yao mwingine alikuwa ameujenga upande usio wake. Robo saa ilipita. Lavonne alizunguka kiti cha Réjean kama mbwa anayetafuta pa kulala, soksi ya mumewe mkononi. Orest alikuwa ameanza kutokwa na jasho. Sasa alikuwa anasikiliza, si habari za uzio, bali mlio nyuma yake.

Tii, tii.

Réjean akaitoa simu sikioni na kuitazama. "Namba imefichwa," alisema, na kumkatia dada yake katikati ya neno.

"Hujamuaga!" Orest alishtuka.

"Amezoea. Namkatia miaka sitini sasa. Shika!"

"Haloo?"

"Bwana Panchuk? Tanis Olafson hapa, ofisi ya upasuaji. Nilipiga mwanzo nikakuta unaongea. Nikasema, huyu mzee ana shughuli nyingi."

"Samahani sana."

"Hapana, samahani mimi."

"Tarehe," Lavonne alinong'ona kwa meno.

"Huko baridi vipi?" Orest aliuliza.

"Thelathini na nane chini ya sifuri. Gari limegoma tangu jana."

"Olafson, Olafson. Baba yako si yule aliyekuwa akileta mbegu za kanola pale ghalani? Mwenye lori la kijani?"

"Huyo huyo! Bado analo!"

"Lile lori! Breki zake je?"

Lavonne akamnyang'anya simu. "Binti yangu, mimi ndiye mwenye soksi. Tarehe."

"Kumi na nne Februari, mama, saa moja asubuhi. Ila lazima akubali mwenyewe."

Simu ikarudishwa. Watu kumi na tisa waliacha kupumua.

"Ya kushoto, eh?" Orest aliuliza.

"Ya kushoto."

"Nitakuja."

Kuagana kulichukua dakika saba, na safari hii hakuna aliyeona kuwa ni nyingi. Lavonne alikaa kwenye ngazi ya trela akafuta macho kwa soksi. Bi Glenda aliomba radhi, haikujulikana kwa lipi. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha, akaona haya.

Ndipo Réjean alipopanda juu ya boksi la barafu. Hakuwa mtu wa kuacha hadhira ipotee hivi hivi.

"Ndugu Wakanada! Bingwa wetu ameanguka. Lakini siku aliyoifungua ina saa kumi na tatu na ushei zimebaki, na foleni imekubaliana kwa kauli moja, baada ya kuombana radhi, kumpisha mwenyewe atangulie. Orest Panchuk, majira kumi na moja umekaa kimya ugenini. Leo laini iko wazi mpaka nyumbani. Tuambie: sauti yako itakwenda kwa nani?"

Orest alishika simu. Akateremka orodha ya majina kwa kidole gumba, polepole, mpaka mwisho, akapanda nayo mpaka juu.

"Sina wa kumpigia," alisema. "Ninaowajua wote mmesimama hapa."