Jumamosi ya Rugamba, Jumapili ya Kantengwa

Tangu apate ng'ombe, Kantengwa hakukaa kanisani akatulia. Alikuwa mjane kutoka milima ya juu ya Uvira, Kongo, Mmetodisti wa kuzaliwa, na aliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2005 na binti yake mchanga na nguo walizovaa. Alilima mahindi, akachuuza maziwa ya wengine, mwishowe akanunua mitamba yake mwenyewe. Hapo ndipo Jumapili zilipogeuka mateso. Mwili ulikuwa kwenye benchi, masikio malishoni. Bondeni kulikuwa na maharage ya wenyeji, na mnyama wa mkimbizi akiingia humo, maneno yake huishia polisi.

Jumapili moja alichomoka katikati ya wimbo, akakuta mitamba imekwisha kurudishwa kilimani. Rugamba, jirani yake Msabato, alikuwa ameegemea fimbo.

"Dada, rudi usali," alisema. "Kwangu leo si siku ya kanisa. Nitabaki nazo."

"Na Jumamosi, zako nani anazichunga?"

"Hakuna mutu. Zinashinda na njaa mpaka jua lizame."

"Basi Jumamosi ni yangu."

Wakaanza hivyo, na hivyo ndivyo walivyojitafutia maneno. Pasta Byamungu wa Wametodisti alimwita pembeni. "Mama Kantengwa, leo unachunga ngombe yao, kesho utashika siku yao." Naye Natanaeli, mzee wa kanisa la Wasabato, alimwambia Rugamba kwamba amri ya Sabato inamtaja mnyama na inamtaja mgeni, kumtuma mwingine si kupumzika. Hawakuacha, ila walichunga kwa wasiwasi, kila mmoja akitazama njiani nani anapita. Kantengwa alimuuliza Mungu mara nyingi kama anakosea. Hakupata jibu lililomtuliza.

Mwaka 2012, Jumapili, dume la ng'ombe la watu lilimfuata mtamba mmoja wa Kantengwa. Rugamba alipojaribu kulifukuza, lilimgeukia likamtoboa paja. Yowe lilifika kanisani. Pasta Byamungu alifunga Biblia, na wanaume wakatoka na makoti yao ya ibada, wakamlaza Rugamba juu ya turubai, wakambeba mpaka barabarani. Gari lilipopatikana, akapelekwa hospitali Mbarara.

Wiki ile Kantengwa alikula amesimama. Alichunga makundi yote mawili, na kila alipoinama kufunga ndama aliona ile damu. Ng'ombe ni wake, na aliyelala hospitali ni mwingine. Alitaka kwenda kumwona, lakini angemwachia nani wanyama?

Jumamosi asubuhi Pasta Byamungu alitokea zizini amevaa buti za mpira.

"Nenda Mbarara," alisema.

"Lakini Pasta, leo ni siku yao, na ulisema..."

"Ninajua nilichosema. Nipe fimbo."

Hospitalini Kantengwa alizunguka kwenye korido, akaufikia mlango wa wodi, akarudi nyuma. Natanaeli alikuwa ameketi kando ya kitanda na Wasabato wenzake, wakisoma. Angejibu nini wakimuuliza? Lakini mzee alikuwa amemwona.

"Ingia, mama. Ngombe za Rugamba leo ziko na nani?"

"Ziko na pasta wetu, mzee."

Rugamba akaanza kucheka, akalishika paja kwa maumivu. Natanaeli hakucheka.

"Jambo hili sikulipenda," alisema, "na hata sasa roho yangu haijatulia. Lakini wale baliomubeba hawakuuliza anasali siku gani. Tuombee, mama."

Kantengwa hakuwa amewahi kuomba mbele ya watu wa kanisa lingine. Maneno mazuri yote yalimkimbia. Alitaja tu jina la Rugamba na kumsihi Bwana aliponye paja lile. Wote wakaitika amina, na sauti ya Natanaeli ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kesho yake, Jumapili, mzee huyo alikuja mwenyewe kuchunga mitamba ya Kantengwa, na magoti yake mabovu. Katikati ya mahubiri Kantengwa hakuweza kuvumilia. Akatoka kwenda kumwangalia. Alimkuta akihema, mtamba mmoja tayari anachungulia maharage.

"Rudi kanisani, weye!" mzee alifoka.

"Nitarudi. Kwanza tumutoe huyu."

Rugamba alirudi kabla ya mvua, akichechemea. Wafugaji wengine nao wakaanza kubadilishana siku. Pasta Byamungu na Natanaeli hawakuafikiana kuhusu Sabato. Wakikutana njiani husimama juani na Biblia zao, wanabishana, mmoja akinyoosha mkono mara kwa mara kuonyesha mnyama wa muumini wa mwenzake anayeelekea bondeni.