Mkongwe Tuliyemsajili kwa Shamba

Mimi nilitaka kipa. Nilisema kwenye kikao cha timu, nikarudia: nipeni kipa, la sivyo tunashuka daraja. Mwenyekiti wetu pale Chanji akaja na akili zake. Eti tusajili mshambuliaji mkongwe, mtu aliyewahi kuvuma huko Dar na sasa amerudi nyumbani kupumzika. Acheze nusu msimu, jina lifufuke, halafu dirisha dogo la usajili, Januari, tumbadilishe na kipa kijana wa timu ya Chala.

"Kocha, tulia. Huyu ni mtaji."

Mtaji! Msimu uliopita tulisajili mtaji mwingine wa namna hiyo, tukauguza goti lake mpaka ligi ikaisha.

Pesa ya usajili haikuwepo, wakampa shamba kule Malangali alime. Jamani, timu ya mpira inamsajili mtu kwa shamba, tena mvua zinakaribia! Mimi ni Mfipa, nawajua ndugu zangu. Nikawaambia, huyu akishapanda hatoki. Wakanicheka.

Kucheza alicheza, sikatai. Alifunga mpaka Chala wakaingia tamaa. Januari wakaja na gari, kipa wao ameketi nyuma, glavu mapajani. Nilipoiona ile mikono mirefu, nusura nilie kwa furaha.

Mkongwe tukamkuta shambani anapalilia, mahindi yamemfika magotini.

"Kocha, siendi. Haya nitamwachia nani?"

"Nitakupalilia mimi!"

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Shamba la mkeo lenyewe limemezwa na magugu."

Wale wa Chala wakaangua kicheko. Nikamgeukia mwenyekiti: "Haya, uza mtaji wako!" Bwana mkubwa akaanza kuyasifu mahindi. Nilimbembeleza mkongwe, nikamtukana, nikambembeleza tena. Akainama, akaendelea na jembe lake. Gari likaondoka na kipa wangu.

Baada ya hapo mechi zote tukawa tunafunga mawili, tunafungwa manne. Tulishuka daraja mahindi yake yakiwa bado mabichi. Jumapili iliyofuata akatualika timu nzima tukale ya kuchoma. Niliapa siendi. Nikaenda. Nikayatafuna kwa hasira mpaka fizi zikaniuma, na yalikuwa matamu, Mungu anisamehe.