Sufuria ya Tafida kwenye Pua ya Ndege

Kwa miaka mitatu Tafida alimlaani Ratiba kila alfajiri baada ya sala, na katika wiki moja hakurudia laana ileile mara mbili. Jumamosi alimwombea chawa. Jumapili alimwombea jino lioze, tena la nyuma, lisilofikika. Hakumlaani kwa kumchukulia mume. Mume mwenyewe alikuwa Shehata, na mtu akikuchukulia Shehata, ukikaa ukatafakari, amekupunguzia nguo za kufua. Alimlaani kwa ajili ya sufuria.

Ilikuwa sufuria ya shaba nyekundu, pana kiasi cha mtu mzima kusimama ndani, na kitako chake kilichongoka kama ncha ya yai. Bibi yake Tafida alikuja nayo Helwan kutoka kusini, ikiwa imefungwa juu ya ngamia, na chini ya mkono mmoja wa sufuria alikuwa amegonga alama ya samaki ili wakwe wasije wakasahau kuwa ni yake. Kutoka kwa bibi ilimfikia mama, na kwa mama ikamfikia Tafida. Hakukuwa na harusi wala matanga mtaani yaliyopikiwa chombo kingine. Watu walisema kama wageni wako hawakula kutoka sufuria ya Tafida, wewe hukuoa, umehamia tu.

Naye Shehata alikuwa mfua shaba, hodari wa mikono na mvivu wa sehemu zote nyingine. Siku moja kiwanda cha ndege kikatafuta watu wanaojua kukunja bati. Nchi ilikuwa imeazimia kujiundia ndege yake ya kivita, ya kwake mwenyewe, itakayokwenda mbio kuliko sauti. Shehata akapewa ovaroli ya buluu na beji ya kifuani. Kuanzia siku ile akawa anatembea akitazama juu, na kila jioni alijikwaa kwa mbuzi yuleyule.

Kisha akaja kwa Tafida na mkokoteni.

"Mama Insaf, nipe ile sufuria. Wiki moja tu. Nchi inaihitaji."

"Nchi inaoza binti?"

"Ni siri."

"Siri ya nini, na sufuria haina hata mfuniko?"

Akaichukua. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukazaa miezi. Mara Shehata akagundua kwamba mtu wa ndege hawezi kulala na mke anayenuka kitunguu. Akampa Tafida talaka, akamwoa Ratiba, binti wa muuza sabuni.

Kule kwao mwanamume akioa hutia saini orodha ya vyombo alivyokuja navyo bibi harusi, na siku ya talaka kila kimoja hurudi. Tafida hakujua kusoma, lakini orodha yake aliijua kama Fatiha. Kitanda kilirudi. Kabati lilirudi. Hata chekeche lililotoboka lilirudi, likiwa limetoboka zaidi. Sufuria haikurudi. Mbele ya kadhi Shehata akainua mkono akasema, "Mheshimiwa, iko katika ulinzi wa taifa." Kadhi aliposikia neno taifa akasafisha miwani yake kwa muda mrefu sana, kisha akamwambia Tafida avute subira; Tafida yeye aliamini taifa hilo ni jiko la Ratiba.

Subira akaivuta. Alipikia watu kwa sufuria nne ndogo za kuazima, na wali ukatoka wa rangi nne. Wateja wakaanza kumkimbia mmoja mmoja, wakienda kwa wapishi ambao zamani walikuwa wakimwoshea sahani. Na sasa Insaf, bintiye wa pekee, alikuwa anaolewa Alhamisi. Tafida alikuwa ameapa mbele ya mtaa mzima kwamba Insaf ataolewa kwa sufuria ya bibi yake, la sivyo wageni watakula mkate na chumvi. Mtaa nao ulikuwa umeshaanza kuuliza chumvi itakuwa ya aina gani.

Ijumaa iliyotangulia, amri ikaja kutoka juu: mradi wa ndege umefutwa. Siku mbili baadaye mlango ukabishwa. Tafida akafungua, akamwona Ratiba.

"Una ujasiri," Tafida akasema. "Jino halijambo?"

"Linaniuma tangu Mfunguo Mosi. Mama Insaf, nisikilize kabla hujanifukuza. Sufuria yako sijawahi kuiona kwa macho yangu."

"Na mimi sijawahi kukuona na aibu."

"Nimekuja kukwambia iliko. Jana yule bwana amelia tangu adhuhuri mpaka magharibi. Si kwa kazi, si kwa ndege. Analia pua. 'Pua yangu, pua yangu!' Nikamwuliza, pua gani, mbona unayo na inachuruzika? Ndipo akatapika yote. Kiwandani waliunda sanamu ya ndege, ya mbao na bati, ya kuonyesha wageni wakubwa. Yeye akapewa kazi ya pua. Akaiunguza mara tatu, na wageni wanakuja kesho yake. Basi..."

Tafida akashika mwimo wa mlango.

"Basi nini?"

"Akaigeuza sufuria yako, akakata mikono, akaipaka rangi ya fedha."

Tafida akahesabu laana alizozipoteza kwa mtu asiyestahili. Kisha akajitupia shela lake jeusi.

"Twende. Na ukifika huko, usitembee mbele yangu."

Getini askari akawaambia hakuna ruhusa, ndani ni siri.

"Siri mmeifuta wenyewe juzi," Tafida akasema. "Mwanangu, mama yako aliolewa wapi?"

"Hapahapa Helwan."

"Alikula wapi wali wake?"

Askari akamwangalia vizuri, akakumbuka hadithi za nyumbani, akaondoa mti wa getini.

Ndani ya banda wanaume walikuwa wamekaa juu ya masanduku wakinywa chai, kama watu waliokuja kuzika wakakuta maiti ameahirishwa. Ndege ya sanamu ilisimama katikati, nzuri kweli, nyembamba kama swala. Ila pua ilikuwa nene kidogo.

"Ile pale," Tafida akasema.

Mhandisi Lutfi, aliyekuwa mkubwa wa banda, alikuja na shati ambalo halikupigwa pasi tangu Ijumaa. "Bibi, hiyo ni pua ya ndege ya kivita. Wageni wa nchi tatu wameisifu. Mmoja alitaka kujua ni madini gani."

"Mngemwambia ni chombo cha harusi cha bibi yangu."

"Una ushahidi?"

"Kwaruza pale, chini ya ule msumari ulioshika mkono wa sufuria. Kuna samaki."

Mhandisi akatoa kisu cha mfukoni, huku wanaume wakiacha chai zao na kusogea. Rangi ya fedha ikamenyeka, shaba ikatoka, na katikati ya shaba akatokea samaki, mdomo wazi, kana kwamba naye amechoka kusubiri. Mtu mmoja nyuma akasema, "Subhanallah," na mwingine akasema, "Kumbe ndiyo maana nikipita pale nilikuwa nahisi njaa."

Mhandisi Lutfi akaanza kucheka. Alicheka akaegemea bawa, akacheka akakaa chini, na alipomaliza macho yalikuwa mekundu na hakuna aliyejua alimalizia kwa kicheko au kwa kitu kingine. "Miaka minane," akasema. "Ndege nzima haikuwa na mwenyewe. Ila pua."

Lakini kitu cha serikali hakitoki bila karatasi. Karatasi ya kutoa sufuria haikuwepo, iliyokuwepo ilikuwa ya pua. Basi Tafida akaweka dole gumba kwamba yeye, raia, amekabidhiwa pua moja ya ndege ya kivita, ikiwa katika hali njema, na karatasi ikagongwa mhuri wa tai.

Hali njema ilikuwa uongo. Walipoigeuza nyumbani, mwanga ukapenya katikati ya kitako. Shehata alikuwa ametoboa shimo la kupitisha fimbo ya kupimia mwendo, ile inayotangulia mbele ya ndege.

Tafida akatia kidole shimoni. Akakichezesha. Ratiba, aliyebeba upande wa pili njia nzima, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nani anajua kuziba shaba mtaa huu?" Tafida akauliza, na jibu alikuwa nalo.

Jumatano asubuhi, mbele ya mlango, Shehata aliwasha moto. Alilehemu kiraka kizuri kisichoonekana mshono, akarudisha mikono, na kila aliyepita alisimama. Halafu ikaja kazi ya kusugua ndani kabla ya kuipaka bati la kuyeyusha, ili shaba isidhuru chakula, na kazi hiyo haina ujanja: fundi huingia ndani ya sufuria peku, na mchanga na tambara miguuni, akashika ukuta, akazungusha kiuno huku na huku mpaka shaba ing'ae. Shehata alikuwa hajaifanya tangu avae beji.

"Mama Insaf," akanong'ona, "tuiingize uani basi. Watu wananiona."

"Uani hapana mwanga."

"Niliunda ndege mimi!"

"Basi iko chini yako, panda."

Akapanda. Kiuno kikaanza taratibu, kwa heshima, kama cha mtu anayejifanya amesimama tu. Lakini mchanga haung'arishi kwa heshima. Akaongeza. Mwanamke wa ghorofani akatoa ngoma yake ya darubuka, mwingine akapiga vigelegele, na kutoka baraza la kahawa wanaume wa kiwandani, wote wasio na kazi sasa, wakaanza kuimba kwa kupiga makofi.

"Itaruka! Fundi, kaza, itaruka!"

"Inapita sauti!"

Ratiba alikuwa akicheka huku ameshika shavu lake bovu. Tafida akamtazama, akaingia ndani, akarudi na karafuu mbili kiganjani. "Bana kwenye jino," akasema. "Na Jumapili sitakuombea kitu." Insaf, na hina ikiwa bado mbichi mikononi, alilia kwa kucheka mlangoni akiwa ameiinua mikono juu isifutike.

Bati lilipopoa, sufuria iling'aa ndani kama mwezi. Nje rangi ya fedha iliganda palepale, na Tafida alikataa isitolewe. Akaijaza maji mpaka ukingoni, akaiinua kwa matofali matatu, akapiga magoti mbele ya mtaa mzima na kuweka shavu karibu na ardhi ili aone kitako. Shehata alisimama pembeni, miguu imejaa mchanga.

Tafida alisubiri tone. Alisubiri sana. Halikuja hata moja, na kusema kweli jambo hilo lilimuudhi kidogo.

"Leta mchele," akamwambia Ratiba.