Kimo cha Saumu

Nilipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani kule Timbwani, kabla ya uhuru, hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Nilizaliwa wa miezi saba, mdogo hata nikalelewa ndani ya pamba, na nilipofika umri wa kusoma bado niliwafika wenzangu mabegani tu. Kwetu huaminiwa kwamba mtoto akirukwa hakui tena. Wenzangu wakaongeza la kwao: nikimruka mtu mimi, atabaki na kimo changu. Basi nikawekwa mwisho wa mkeka, mlangoni, peke yangu. Katikati nafasi ilikuwepo. Niliitamani kuliko nguo ya Idi.

Asubuhi moja Maalim aliniita nikasome mbele. Saumu, binti wa jirani yetu, akanitolea mguu makusudi nijikwae. Nikauruka. Chuo kizima kikapiga kelele.

Kesho yake mama yake akaja, buibui limemshuka mabegani kwa hasira.

"Ndoo hapa weye!" akanifokea. "Mrudie mwanangu, umwachie kimo chake!"

Kumrudia ni kumruka tena, kuelekea ulikotoka, ndipo hufunguka. Maalim, mtu mzima aliyehifadhi msahafu, akatazama pembeni, akaniambia:

"Mrudie, mwanangu, yaishe."

Saumu akalazwa mkekani, analia. Nilimchukia, wallahi, na mama yake nikamchukia zaidi. Lakini nilijiambia kuwa nikimrudia watanipa nafasi. Nikamruka taratibu, nisimguse. Mama yake akamshukuru Mungu; mimi hakunishukuru. Nikaenda kukaa katikati. Wote wakainuka na juzuu zao, wakahamia sakafuni. Nikabaki na mkeka mzima.

Saumu alirefuka akawapita wote. Mama yake alisema hadi kufa kwake kuwa ni kwa sababu nilimrudia. Kama ni hivyo, ahsante yangu iko wapi?

Sasa sote tuna wajukuu. Juzi matangani nilikuwa nikitafuta pa kukaa, Saumu akaniona, akaikunja miguu upesi, na magoti yenyewe mabovu. Umri huu angali anangoja kurefuka! Hasira ya zamani ikanipanda. Nikakaa papo hapo, katikati, ubavuni pake, nikainyoosha miguu yangu yote miwili. Safari hii hakuinuka. Wengine watasema ni mapenzi. Mimi nadhani ni magoti.