Sekunde Moja Kabla ya Baruti

Kabla sijampiga mdogo wangu, niliipiga laptopu. Niliitandika makofi mawili ubavuni kwa sababu ilikuwa imeganda tangu asubuhi, na feni yake inavuma kama jiko la mafuta.

Nilikuwa katibu wa kamati ya ulinzi wa bahari hapa Songo Mnara. Watafiti walituachia chombo cha kunasa sauti chini ya maji. Tulikifunga kwenye mwamba, na kila Jumamosi tulikitoa tujue baruti za kuvulia samaki zimepigwa lini. Nazichukia baruti. Zinaua hata samaki ambao hakuna anayewataka, na mwamba unabaki kifusi. Tabu ni kwamba programu ya kusomea sauti zile ilifanya kazi kwenye mfumo wa Linux tu, na laptopu ya kamati ilikuwa na Windows pamoja na mihtasari yote ya vikao. Kuifuta sikuthubutu. Mwalimu mmoja wa mji wa Masoko, ng'ambo yetu, akanishauri niweke kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, inayofunguka kwenye dirisha lake na kukaa na mambo yake.

Programu ya kwanza ya kuiendeshea ilimaliza nusu ya nguvu kabla haijafanya lolote. Nikaitupa. Ya pili ilikuwa ya bure, haina makuu, na ilikuwa na jambo moja lililonipendeza: unaweza kuisimamisha popote ilipofika, ukaizima, na kesho ukaikuta palepale. Nikabaki nayo. Linux niliyoanza nayo ilikuwa na madirisha yanayometameta, lakini laptopu ya gigabaiti nne za kumbukumbu haibebi mapambo ya watu. Hiyo ndiyo iliyoiponza laptopu ikala makofi. Nikaweka nyingine, nyepesi kabisa, sura mbaya, inayoridhika na gigabaiti moja. Ikafunguka nikiwa bado natafuta miwani.

Hapo nikaziona. Baruti huonekana kwenye kioo kama mstari mnene uliosimama wima. Ijumaa tatu mfululizo, saa saba na robo mchana, mstari. Wanaume wote wa kisiwa wakiwa msikitini wanasikiliza hotuba, kuna mtu baharini analipua. Mjinga huyo aliona huo ndio wakati salama. Hakufikiri kwamba kwetu, asiyekuwepo kwenye safu ya Ijumaa anajulikana kwa jina.

Nikamwuliza mume wangu nani huwa hayupo.

"Mdogo wako," akasema. "Mwenyewe husema anaswali Masoko."

Nikaenda nyumbani kwake. Mkewe alikuwa uani anapara samaki. Nikamchukua mmoja, akalegea mkononi mwangu, uti wa mgongo umevunjika na damu imevilia ndani, samaki wa baruti. Mdogo wangu akatoka.

"Shikamoo, da..."

Nilikuwa nimeshauchukua mwiko kwenye sufuria. Nilimpiga nao usoni, ugali wa moto ukamganda shavuni.

"Utakatika mikono, mshenzi wewe!"

Akanikaba shingo, akanibamiza ukutani. Jino langu la mbele lilikatikia hapo, na damu niliitemea kwenye kanga yangu. Mkewe analia, anamvuta shati.

"Nenda kanitaje!" akafoka. "Nenda kwenye kamati yako, halafu tuone utamwambia nini mama!"

"Nakupa Ijumaa moja," nikasema. "Ukilipua tena, nakutaja."

Hilo ndilo kosa langu, na silifichi. Ningemtaja siku ileile angelala rumande, na mikono yake anayo. Nilimpa Ijumaa, naye akaitumia.

Baruti ilimlipukia mkononi. Walimleta amefungwa kwa mashati ya watu, damu imetuama ndani ya boti, mkono wa kushoto umeishia kwenye kiwiko na wa kulia haupo kabisa. Aliishi. Nilikuwa nimemwapiza kwa mdomo wangu mwenyewe, na wanakijiji walinikumbusha.

Jumamosi chombo kilitolewa kama kawaida. Nikafungua kompyuta pepe, nikasikiliza: injini ya boti, injini inazimwa, maji yanagonga mbao. Sekunde moja kabla ya mstari nikaisimamisha, nikaizima. Tangu siku hiyo kila nikiifungua huikuta palepale, na mdogo wangu bado ana mikono yake miwili. Nimefanya hivyo miezi mingi. Kazi ya kamati niliiacha, laptopu sikuirudisha.

Mwezi uliopita alinikuta nayo barazani. Akakaa kando yangu, mikono ya shati imefungwa mafundo.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Bonyeza, iishe."

"Siwezi."

"Dada, niliyelipukiwa ni mimi. Bonyeza."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nalia, na hasira naye bado ninayo. Akanitazama kidogo, kisha akainama juu ya laptopu, akabonyeza kwa kidevu.